Risala ya Kikundi cha Sanaa kwa Mgeni Rasmi: Vibanda vya Muda Juu ya Mapaa ya Mji Mkongwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu wenye nyumba, walimu, mafundi na wasanii wenzetu,
Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito na kupanda ngazi zote hizi kuja kukaa nasi.

Kikundi chetu kilianzishwa na vijana wachache waliokuwa wakichora picha za kuwauzia wageni. Leo, kwa fakhari kubwa, ndicho kinara wa ubunifu wa vibanda vya muda juu ya mapaa, ambamo picha huonyeshwa, mashairi husomwa na udi hupigwa jioni. Tumebuni vibanda vya aina tatu. Kimoja tumekwisha kukisimamisha, na kimestahimili kaskazi bila kufumuka hata mshono. Hayo ni mafanikio ya kupigiwa mfano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Banda letu halipigwi msumari hata mmoja. Paa la chokaa likitobolewa maji hupata njia, yakashuka kwenye boriti za mikoko, nazo huanza kuoza pale vichwa vyake vilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo nguzo zetu za mianzi zinasimama ndani ya ndoo za mchanga, zimepangwa juu ya kuta, si katikati ya chumba. Turubai ni jepesi na upande mmoja huachwa wazi, maana upepo ukikosa pa kutokea hulinyanyua banda zima.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ina uzito wa karibu kilo 30. Banda la nguzo nne, kila nguzo na ndoo mbili, ni karibu kilo 240 kabla hajapanda mtu hata mmoja. Paa lipi litabeba mzigo huo pamoja na watazamaji, na lipi halitabeba? Sisi ni wasanii, hatuwezi kulijibu swali hilo, na hatuthubutu kubahatisha. Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Disemba 2020 tuliona sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikiporomoka na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Mwenye nyumba anapotuambia, "Wanangu, nileteeni karatasi ya mtaalamu kwanza," ana haki kabisa.

Karatasi hiyo ndiyo ombi letu, Mheshimiwa. Tunaomba mhandisi anayezijua nyumba za mawe na chokaa aje akague mapaa tuliyoruhusiwa kuyatazama, na aandike kwa saini yake idadi ya watu na uzito unaokubalika kwa kila paa. Gharama yake imetushinda.

Kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea mbele ya hadhara, tukampigia makofi. Aliyemtangulia naye alituahidi kwamba suala hilo "linafanyiwa kazi". Barua zetu za kukumbushia zimepokewa na kugongwa muhuri, na nakala tunazo hapa. Tumepewa pia fulana na vyeti, na tunashukuru kwa dhati, lakini mwenye nyumba hawezi kutufungulia mlango wa paa kwa cheti cha ushiriki. Wakati huohuo mianzi yetu imelala uani, inaliwa na wadudu, na vijana walioshona maturubai wameanza kutafuta kazi nyingine.

Tunakuomba pia ukaguzi ufanyike masika hii, mvua ingali inanyesha, kwa sababu paa linalovuja hujificha kiangazi. Tukisubiri mvua ikatike, mhandisi atakagua paa kavu na wasiwasi wetu utabaki palepale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tutashukuru zaidi ya ahadi ukitutajia leo, mbele ya wazee hawa, ofisa wa kumfuata na siku ya kumfuata. Katibu wetu ameketi na daftari, yuko tayari kuandika.

Naomba kuwasilisha.