Malalamiko: fundi wenu aliwasha klasta na nodi iliyobaki nyuma, mauzo yetu yakafutika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana Meneja, salamu. Hii ni barua rasmi hata kama nimeiandika na hasira, na naomba isirudishwe kwa yule kijana wa tiketi anayejibu "imetatuliwa" halafu anafunga, kwa sababu haijatatuliwa. Sisi ni duka la jumla la mbegu na dawa za mifugo hapa Kisumu, tuko na matawi Kakamega na Bungoma, na databesi yetu yote iko kwenu kwa ile huduma ya klasta ya MariaDB Galera (databesi moja inayowekwa kwa seva kadhaa zinazonakiliana, kila moja ikiitwa nodi) mliyotuuzia mkisema nodi ni 3, moja ikifa zingine zinaendelea, mteja hata hatajua.

Haya nayasema kulingana na logi mlizotutumia nyinyi wenyewe, nisije nikaambiwa nimebuni.

Ijumaa asubuhi nodi ya tatu ilijaa diski ikatoka kwa klasta. Hapo sina neno, diski hujaa, na zile mbili ziliendelea kufanya kazi vile inatakikana. Lakini wsrep_cluster_size, ile hesabu ya nodi zilizo ndani ya klasta, ilishuka kutoka 3 hadi 2 ikakaa hivyo mpaka Jumamosi jioni na hakuna mtu kwenu aliyeona, ama aliona akanyamaza, sijui gani ni mbaya zaidi. Na monitaringi tunalipia, iko kwa invoisi yenu kila mwezi.

Jumamosi jioni nodi ya kwanza na ya pili zikazimika kwa pamoja. Kuuliza ndio tukaambiwa pawasaplai imeungua na eti zote mbili ziko kwa seva moja ya chuma. Yaani nodi 3 tunazolipia zilikuwa ndani ya mashine 2! Galera inataka akidi ya zaidi ya nusu, kwa nodi 3 ni lazima 2 ziwe zinaonana, sasa ukirundika 2 kwa mashine moja hiyo mashine ikienda imeenda na akidi, na hata ile ya tatu ingekuwa mzima ingebaki non-Primary ikikataa kazi. Ni kama kubeba mwenyekiti na mweka hazina wa chama kwa boda moja halafu mnashangaa mkutano haukufanyika.

Na bado, hata hapo, data yetu ilikuwa salama. Hiki ndicho kinaniuma. Diski za nodi ya kwanza na ya pili hazikuwa na shida yoyote, mlibadilisha pawasaplai usiku huohuo zikawaka, na kila kitu tulichouza Ijumaa na Jumamosi kilikuwa mle ndani. Klasta nzima ikizimika, kitu cha kwanza fundi anatafuta ni nodi gani iliandika mwisho. Unafungua grastate.dat, faili inayoweka hali ya nodi, kwa kila nodi, na kama zilizimika vibaya utakuta seqno (nambari ya mwandiko wa mwisho) ni -1, yaani haijulikani, na safe_to_bootstrap (alama ya kama ni salama kuanzisha klasta na nodi hiyo) ni 0 kote, haikusaidii, kwa hivyo unaendesha mysqld --wsrep-recover kwa kila moja inakutolea nambari ya pale ilifika, ile yenye nambari kubwa ndiyo unaiwasha na galera_new_cluster, amri ya kuanzisha klasta upya, zingine zinajiunga nayo. Si siri ya mtu, iko kwa maelezo ya Galera wazi kabisa.

Fundi wenu hakulinganisha chochote. Aliichukua nodi ya tatu, ile ile iliyotoka Ijumaa, kwa sababu mashine yake ilikuwa tayari inawaka, akafuta faili za zamani kupata nafasi, akabadilisha safe_to_bootstrap kuwa 1 kwa mkono, akaifanya ndio kichwa cha klasta.

Kisha nodi ya kwanza ilipojaribu kuingia ikakataa, na hapa naomba msome pole pole kwa sababu iko kwa logi yenu: inasema seqno yake ni kubwa kuliko ya kundi, hali zimetofautiana, inasimama ili data isipotee, na kama unataka kuendelea toa faili ya grastate.dat. Programu yenyewe imemuonya! Mtu yeyote anayejali angesimama hapo apige simu. Yeye akashika ile sentensi ya mwisho tu, akafuta faili, akawasha tena, nodi ikaomba SST, na SST ni nakala nzima kutoka kwa nodi nyingine, inafagia kilichokuwa kwa anayepokea. Akaenda kwa nodi ya pili akarudia. Halafu kwa tiketi akaandika nodi 3 kati ya 3 ziko Synced, yaani zinalingana. Ndio, ziko Synced, zote tatu zinakubaliana kwamba sisi hatukufungua duka Jumamosi.

Jumatatu makarani wakafungua mfumo, nambari za invoisi zikaanza pale zilikuwa Ijumaa asubuhi, sasa tunatoa nambari ambazo tayari zilienda eTIMS, mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi KRA, na KRA wanazo kwa majina ya wateja wengine. Za M-Pesa tunazirudisha moja moja kutoka kwa statimenti. Za kashi tunabahatisha na risiti. Lakini za mkopo, bwana, wauzaji wadogo wa Luanda na Mumias waliobeba magunia Jumamosi kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, hao nitawadai na karatasi gani? Wengi ni waungwana wamepiga simu wenyewe. Si wote.

Kwa hivyo kwanza msiandike kitu kingine kwa zile diski, na mtuambie kama kuna snapshoti (nakala ya diski ya wakati fulani) yoyote ya nodi ya kwanza au ya pili iliyochukuliwa kabla ya SST, au binlogi (rekodi za kila badiliko la databesi) zilizowekwa nje ya folda ya data, maana bakapu yenu ya mwisho ni ya Alhamisi usiku na haitusaidii. Pili kila nodi iwe kwa mashine yake, si ahadi, mtuonyeshe. Tena tunataka mturudishie pesa ya mwezi huu yote pamoja na ya monitaringi, na mlipe makarani wetu ovataimu ya kuingiza mauzo upya. Na huyo fundi simtaki afutwe kazi, nataka aliyemuacha peke yake usiku na klasta ya mteja bila mwongozo wowote ulioandikwa ndiye anijibu.

Jibu lije kwa maandishi, simu zenu sitashika. Tumeshaanza kutoa nakala yetu wenyewe kila usiku kuiweka kwa seva iliyo hapa ofisini, na kama hadi mwisho wa mwezi sijapata majibu ya hayo, tunahamia kwingine na barua hii tutaipeleka kwa wakili pamoja na logi.

Msimamizi wa mifumo,
Kisumu