Uchafu wa soko letu si umaskini

Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba uchafu wa masoko ya Moshi unatokana na umaskini wetu sisi tunaouza humo. Mimi ni muuza ndizi, na sikubali.

Uchafu una shina moja na kitenzi chafua, yaani kuvuruga kilichokuwa kimetulia. Watu wa pwani wakisema bahari imechafuka hawazungumzii takataka, wanazungumzia mawimbi. Hakuna anayesema bahari imekuwa maskini. Maskini ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, kivyake kabisa. Penye uchafu ulizeni nani kachafua, au nani kaacha kuondoa.

Njooni alfajiri Fuso zikishusha mishare na ndizi ng'ombe kutoka Kibosho na Rombo. Mikungu huja imetandikiwa majani makavu ya mgomba isichubuke. Tukishamaliza tunafagia, na ufagio kila mtu ananunua wake. Majani, vikonyo, ndizi zilizopondeka, vyote tunapeleka kwenye ghuba la taka. Ghuba linajaa Jumatatu, gari linakuja Ijumaa, tena likipenda. Masika haya maji meusi yanachuruzika mpaka chini ya meza ya mama lishe, na funza wanayafuata. (Shuleni tulifundishwa kuwa ghuba ni bahari iliyoingia nchi kavu. Aliyelipatia jalala jina hilo aliona mbali.)

Mji wenyewe unasifika kwa usafi tangu zamani. Tupa ganda barabarani uone kama hutaambiwa uokote, na faini juu. Halafu kumbukeni mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo mtaro wetu uliziba kwa rambo kila mvua iliponyesha. Baadaye maji yakaanza kupita. Wauzaji walikuwa walewale na mitaji ileile, hakuna aliyetajirika mwezi ule.

Ushuru nalipa kila asubuhi na mashine inatoa risiti. Bei za ushuru zimebandikwa getini kwa herufi kubwa, ila ratiba ya gari la taka sijaiona popote. Mwandishi wenu akirudi aanze kwa kuulizia ratiba hiyo, na aje Alhamisi, asije Jumamosi gari likiwa limeshapita.

Muuza ndizi,
Moshi