Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: mazoezi ya Jumamosi yaliendelea, wagonjwa tuliwatembelea, misiba miwili tulishiriki. Sitakaa hapo.

Nije kwenye mikanda ya kutuwezesha sisi tuliopooza viungo kutumia simu, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati ilitaka tuagize miwili kutoka nje, ile inayosoma umeme wa misuli ya mkono. Nilikataa, na msimamo wangu ni uleule. Mkanda wa namna hiyo uitwao Myo, wa Kanada, wenye vihisi 8, ulisifiwa sana, lakini mwaka 2018 watengenezaji wake waliacha kuuuza. Kifaa cha namna hiyo kikimharibikia mwenzetu Mbagala, ampelekee nani? Tena kinataka msuli wenye uhai, na wengi wetu tulioumia uti wa shingo, mkono hauna cha kusomwa. Jasho la Dar es Salaam nalo huvuruga vipimo.

Ndipo nikaamua tuunde yetu: chipu ya MPU-6050 ya kupima mwendo, na kibao kidogo cha ESP32 cha kuunganisha na simu kwa Bluetooth, vyote vya Kariakoo. Mkanda unafungwa palipobaki nguvu, iwe begani, kichwani au kwenye kifundo cha mguu. Kila mtu anapimiwa mwendo wake. Hata bega likiinuka kidogo tu, simu inahesabu umebonyeza kitufe, na huduma ya swichi ya Android (Switch Access), inayomwezesha mtu kuendesha simu kwa kitufe kimoja, inamaliza kazi. Programu niliikeshea mimi na kijana mmoja fundi simu. Taarifa hii nimeiandika kwa bega la kushoto, kwa siku nne.

Nalaumiwa kwamba nilitumia fedha bila mkutano mkuu. Niliuitisha mara mbili: Machi mlikuja 14, Juni 11, kati ya wanachama 62, na katiba yetu inataka nusu. Najua daladala hazimsubiri mwenye kiti cha magurudumu, ndiyo maana niliomba asiyeweza kufika apige simu. Walipiga watatu.

Mapato yalikuwa shilingi 1,870,000. Mikanda 9 ilichukua 720,000, pango na mazoezi 940,000, salio 210,000. Ada ya 2,000 kwa mwezi wamekamilisha 18 tu. Inauma.

Mikanda 6 inatumika, 3 inasubiri betri. Mwenzetu mmoja aliyepata kiharusi amempigia mwanawe simu kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Mwakani, Mungu akijalia, tutaongeza mingine. Wenye deni la ada wamwone mweka hazina kabla ya mwezi kwisha.

Mwenyekiti