Mwanangu, lile ua jeupe nilikujibu vibaya

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Sisi huku wazima. Ulipokuja likizo uliniuliza ua jeupe linapata wapi weupe wake, mi nilikuwa naosha vyombo, nikakujibu haraka haraka kwamba jeupe halina kitu, limekosa rangi tu basi. Ukanyamaza. Nakujua, ukinyamaza vile hujaridhika. Nimekaa na lile swali lako siku kadhaa, nikasoma soma, afu juzi nikachuma petali za ua jeupe, nikazitwanga, nikazitia kwenye maji ya moto kidogo na kijipunje cha magadi. Maji yakageuka njano naona hivi hivi! Nikakamulia ndimu, njano ikafifia. Sasa kama mle ndani hamna kitu, hiyo njano imetokea wapi?

Kumbe mle kuna flavonoli, ukoo uleule wa flavonoidi unaozipa maua mengine nyekundu na zambarau na bluu, ila hizi jicho letu halizioni kwa sababu zinachofyonza ni mionzi ya urujuanimno, na nyuki hiyo anaiona vizuri tu, kwa hiyo ua ambalo mimi nilikwambia ni tupu nyuki huenda analiona limepakwa rangi. Weupe wenyewe unatoka kwenye vijinafasi vya hewa kati ya seli za petali, vinatawanya mwanga wote. Ni kama povu pale kwenye karai, sabuni ya kijani lakini povu jeupe, na lilikuwa mbele yangu siku ile nakujibu ujinga.

Sasa mmea unazitengenezaje. Unaanza na fenilalanini, asidi amino ya kawaida kabisa, hiyohiyo inayoingia kwenye protini. Inapita kwa vimeng'enya kadhaa, kila kimoja kinabadilisha kidogo, mpaka inafika kwa kimoja kinachoitwa kalkoni sinthase, huyu ndo fundi mkuu, anachukua kile kipande anakiunganisha na vingine vidogo vitatu vinavyotumika pia kutengeneza mafuta, inatoka kalkoni, ambayo ni ya njano. Halafu kalkoni inajikunja inakuwa naringenini, haina rangi, na hapo ndo njia panda: upande mmoja unaenda kwenye flavonoli, mwingine kwenye anthosianini, zile za rangi kali. Na kwenye anthosianini tofauti ni ndogo mpaka unacheka, kwenye ile pete moja ya molekuli ukiwa na kijikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni unapata pelagonidini, ya machungwa na nyekundu, vikiwa viwili ni sianidini, vikiwa vitatu delfinidini, inaenda zambarau na bluu. Inabandikwa sukari juu, inasukumwa ndani ya vakuoli, kile kifuko cha maji ndani ya seli, basi. Pia inategemea asidi ya humo humo ndani ya vakuoli, ikipungua bluu inazidi.

Waridi hana kile kimeng'enya cha kuweka hicho kijikundi cha tatu, ndo maana hujawahi kuona waridi la bluu la asili. Kampuni ya Suntory ya Japani ilimpandikizia jeni ya ua la pansi, ikaanza kuyauza mwaka 2009, mi nimeona picha, aah, zambarau iliyopauka, lakini wao wanaita bluu.

Ila kilichonikosesha usingizi ni petunia. Mwaka 1990 watafiti Marekani na wengine Uholanzi walitaka petunia ya zambarau ikolee zaidi, wakaiongezea nakala nyingine ya jeni ya kutengeneza rangi, ile ya fundi mkuu kalkoni sinthase, kwa akili ya kawaida si ndo ungefanya hivyo na wewe? Maua yakatoka meupe! Mengine mabaka mabaka, nusu zambarau nusu nyeupe. Seli iliona ujumbe wa ile jeni umezidi, ikaanza kuukatakata wote, ule mpya na ule wake wa zamani, maagizo ya kumtengeneza fundi mkuu yakakosekana. Watu walikaa miaka wanajiuliza, mpaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwa minyoo jinsi RNA (molekuli inayobeba ule ujumbe wa jeni) ikiwa ya nyuzi mbili inavyozima jeni, wakapewa Nobel 2006. Yaani ua limegoma kukolea, watu wameishia kujifunza jinsi ya kunyamazisha jeni.

Uliniuliza pia kama ni dawa. Hizi flavonoidi kwa mmea zina kazi kweli, zinakinga majani na jua kali, na mizizi ya kunde inazitoa kwenye udongo kuwaita bakteria wanaoipatia nitrojeni. Kwetu sisi, kwesitini ya kwenye kitunguu na nyingine za kwenye chai na matunda ukizipima kwenye chupa ya maabara zinafanya maajabu, ila ukizila, sehemu kubwa haifiki kwenye damu kama ilivyo, bakteria wa utumbo wanazivunja kwanza. Kula matunda yako, vile vidonge vya bei mbaya wanavyotangaza achana navyo.

Halafu usije ukamwambia mtu bogenvilia au biti ina anthosianini, zile ni betalaini, ukoo mwingine kabisa, na betalaini na anthosianini hazijawahi kukutwa pamoja kwenye mmea mmoja wa asili.

Ndani ya bahasha nimekuwekea petali nyeupe nilizozikausha, zilezile za juzi. Omba jikoni magadi kidogo na maji ya moto, petali zitie kwanza, magadi baadaye, uone maji yanavyobadilika. Afu jaribu na ua jeupe lolote la hapo ulipo, likigoma kugeuka njano niandikie ni ua gani, nataka kujua.

Mama