Kiwanja kilichoachwa, kabla hakijawa bustani

Kamati za shehia na skuli zinazotujia sisi wabunifu wa bustani huanza kwa kutuonesha picha: chemchemi, taa za rangi, maua yamepangwa mistari. Sisi huomba kupelekwa kiwanjani kwanza, na ikiwezekana twende siku ya mvua.

Ua wa gereji iliyofungwa au ghala lililobaki kuta huonekana patupu tu, lakini ardhi yake imebeba mengi. Gereji huacha oili chafu, na betri kuukuu huacha madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hapo ndipo watoto watakapokuja kuchezea mchanga! Kumwaga kifusi juu na kupanda majani si kumaliza kazi. Tunachimba mashimo sehemu mbalimbali, tunapeleka udongo maabara, kisha ndipo tunasema upi uondolewe, upi ufunikwe kwa udongo safi wa kina cha kutosha. Huko Seattle, Marekani, kiwanda cha gesi kilichofungwa 1956 kiligeuzwa bustani ya umma, ikafunguliwa 1975. Mbunifu wake, Richard Haag, aliiacha minara ya mitambo isimame, na udongo wenye mafuta ukachanganywa na unga wa mbao na tope la majitaka ili vijidudu viyale mafuta yale. Hata hivyo usafishaji uliendelea miaka mingi baadaye.

Kwetu Zanzibar mfano ni Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Shughuli za bandari zilitoka hapo zikahamia Malindi ya Unguja miaka ya 1920, bustani ikaja miaka ya 1930. Ukarabati mkubwa uliomalizika 2009 haukuwa wa maua peke yake, ukuta wa bahari na mitaro pia ilitengenezwa.

Maji ndiyo yanayotusumbua zaidi. Sehemu za Darajani na Mnazi Mmoja zilikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa, na masika bado yanatukumbusha. Ukiziba kiwanja kizima kwa saruji, maji yataingia nyumbani kwa jirani. Kwa hiyo tunaacha sehemu ya chini iwe na majani, maji yatuame hapo na kunywewa na ardhi taratibu. Karibu na pwani, penye chumvi, tunapanda mikungu, mivinje na minazi. Palipopita malori miaka mingi ardhi hushindiliwa mno, lazima ivunjwe kabla ya mche kutiwa, la sivyo mti utadumaa.

Njia ambazo watu wamezikata wenyewe kwa miguu hatuzifungi. Baraza za wazee wa bao tunaziweka kwenye kivuli cha alasiri, na za kina mama mahali penye mwanga usiku, pasipopitwa na vyombo vya moto.

Fedha zikipungua, ushauri wetu ni uleule: iondoeni chemchemi kwenye mpango, lakini msipunguze mtaro wala miti. Miche tunaipanda masika yanapoanza, hivyo kazi ya udongo inatakiwa iishe kabla ya Machi.