Madivelopa wetu, sio dunia nzima iko +3

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na hawa vijana wetu wanaotengeneza apu za kalenda na za kubuku miadi, maana hili jambo la apu kukosea saa za nchi nyingine linakera wengi.

Sisi huku hatubadilishi saa, Januari ni +3 (yaani masaa matatu mbele ya UTC, ile saa ya kipimo ya dunia) na Julai ni +3, Tanzania Kenya Uganda wote hivyohivyo, ndo maana divelopa akikaa zake Sinza anaona saa ni saa tu. Lakini mtu yeyote anayefuatilia mpira wa Uingereza anajua sio kweli. Ile mechi ya Jumamosi ya saa 9 mchana kwao, kipindi cha baridi sisi tunaiona saa 12 jioni, ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi wenyewe wanasogeza saa mbele na kuanzia hapo tunaiona saa 11, mzee wa kibanda umiza anafuta ubao wake anaandika upya maisha yanaendelea. Mzee wa kibanda umiza anajua, apu haijui!

Nitoe mfano wa kazini kwangu, nafundisha Kiswahili mtandaoni. Mwanafunzi yuko London, anabuku kipindi cha kila Jumanne saa 10 jioni ya kwake, kwangu inakuwa saa 1 usiku. Apu tuliyokuwa tunatumia (siitaji jina) inachukua hiyo saa inaigeuza kuwa 16:00 ya UTC (kipindi cha baridi London na UTC ni sawa), inatunza hiyo tu kwenye seva, kwamba ilitoka London imeshasahau. Aprili inaingia, 16:00 ile ile kule London sasa ni saa 11 jioni, muda ambao mwenzangu anatakiwa akamchukue mtoto, halafu kwangu bado inasoma saa 1 usiku kwa hiyo ukiwalalamikia wenye apu wanakwambia mbona iko sawa. Iko sawa kwa nani? Aliyepanga alisema saa 10 ya London, basi tunza hivyohivyo alivyosema, Jumanne 16:00 na jina la mahali, Europe/London, hiyo UTC upige hesabu tarehe ikikaribia. Kama mwenye saa ni mimi mwalimu basi andika Africa/Dar_es_Salaam, na atakayesogea ni mwanafunzi. Ni nani asogee, muulize mtu mwanzoni kabisa, usimkisie.

Najua kuna kijana atanijibu kwamba kutunza UTC ndo utaalamu. Kwa kitu kilichopita sawa, muamala umeingia sekunde fulani na hautahama tena. Cha mbele ni habari nyingine kwa sababu serikali zinabadilisha saa zinavyotaka. Sudan Kusini hapa jirani, tarehe 1 Februari 2021 walitoka +3 wakaenda +2, sasa mtu aliyeandika mwezi mmoja kabla kikao cha Juba cha Machi saa 3 asubuhi, kikatunzwa kama 06:00 ya UTC, ilimsomea saa 2. Lebanon 2023 ndo kilikuwa kituko kabisa, Waziri Mkuu Mikati akatangaza zikiwa zimebaki siku chache tu kwamba saa hazisogezwi hadi Ramadhani iishe, Kanisa la Wamaroni (Wakristo wa huko) likagoma, kuna simu zikasogea zenyewe nyingine zikabaki, nchi moja saa mbili, mpaka serikali ikageuza uamuzi wake.

Na mabadiliko haya yote yanaingizwa kwenye dataibesi moja ya bure ambayo simu na seva karibu zote zinaitegemea, hayo majina ya Africa/Nairobi ndo yanatoka humo. Kazi ya divelopa ni kuiapdeti, sio kujitungia jedwali lake la kujumlisha tatu kila mahali.

Halafu siku nzima isipewe saa jamani. Birthdei au sikukuu haina saa, ni tarehe tu. Ukiitunza kama usiku wa manane wa Dar, ndugu yetu aliyeko London anaona Uhuru wetu ni tarehe 8 Desemba, maana kwao muda huo ni saa 3 usiku ya jana yake. Na hizi fomu zinazouliza nchi peke yake, Kongo utajaza nini? Kinshasa ni +1, Goma na Lubumbashi +2. Ulizeni mji. (Sijagusa apu inayoandika saa 1 usiku ikimaanisha saa 7, hiyo itabidi niandike barua nyingine.)

Na nyie mhariri kwenye ratiba za michezo muwe mnaandika ni saa za wapi, hasa mechi za Marekani, wale wanasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi wakati Uingereza bado, hizo wiki mbili tatu za katikati kila mtu anachanganyikiwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga