Kwa vijana mnaobeba kamera kwenda kwa watu

Wanangu,

Nimesikia mko tisa, mmeazima kamera mbili, na mnataka kuzunguka vijijini kurekodi maisha ya watu kabla hayajapotea. Hongereni. Ila hayo ya "kabla hayajapotea" yaacheni nyumbani. Hakuna anayependa kuambiwa anapotea, naye amekaa barazani kwake anakunywa chai.

Niwape kisa cha Mfaransa Jean Rouch. Alifika Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara, akaishia kuwa mtu wa filamu na ethnografia, yaani uchunguzi wa maisha na desturi za watu. Wakati anashuka mto Niger na wenzake wawili, miaka ya 1946 na 1947, stendi ya kamera ilimpotea, ikabidi apige picha kwa mkono, na mkono huo ndio uliomjengea jina. Wengi humkumbuka kwa hilo. Mimi namkumbuka kwa usiku mmoja wa mwaka 1954, pale Ayorou, kando ya mto huohuo.

Alikuwa amewapiga picha wavuvi wa Kisorko wakiwinda kiboko, akarudi kuwaonyesha. Watu walijitambua, wakawaona na jamaa zao waliokwishafariki, wakalia. Wakataka irudiwe, tena na tena. Halafu wakaanza kumkosoa. Huu muziki wa nini? Rouch alikuwa ametia wimbo wa wawindaji wenyewe, akidhani unanogesha. Wakamwambia kiboko ana masikio makali hata akiwa chini ya maji, na wakati wa kumvizia watu hunyamaza. Kwa muziki huo angeshakimbia! Rouch akautoa.

Tangu hapo kuwarudishia watu picha zao kukawa ndiyo kazi yake, na watu wa huko, kama Damouré Zika, wakawa wenzake wa kutunga filamu kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1965 Sembène Ousmane, mtengenezaji filamu wa Senegal, alimwambia usoni kwamba wataalamu wa aina yake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Na mkidhani neno hilo haliwahusu ninyi kwa sababu mmezaliwa hapahapa, mmekosea.

Mimi nilikijua kisa cha kiboko, na bado nikayarudia yaleyale. Nilikwenda pwani ya mashariki ya Unguja kuwapiga picha kina mama wanaolima mwani. Bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, kila mmoja ameinama anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyotandazwa baina ya vigingi. Picha nzuri, sitawaficha. Kwenye kuhariri nikaona sauti zao zimejaa upepo, nikazifuta, nikaweka muziki wa udi. Tamasha moja la nje wakaipenda. Nilipowaonyesha wenyewe, bibi mmoja akauliza, "Mbona umenipiga mgongo tu? Sina uso?" Mwenzake akadakia, "Na huu udi umetoka wapi? Kule sisi tunasengenya." Waliangua kicheko. Mimi nilitazama chini.

Nikarudi mara tatu zaidi, safari hii kipaza sauti kimefungwa vizuri dhidi ya upepo. Soga lile ndilo lilikuwa na bei ya kilo, deni la dukani, mume aliyechukua pesa za mwani akanunulia simu. Yote hayo nilikuwa nimeyafunika kwa muziki.

Kuhusu riziki sina mengi. Harusi msizidharau, harusi ndizo zilizoninunulia kanda. Tena harusini utajifunza pa kusimama, maana ukimziba bi mkubwa asimwone bwana harusi utaambiwa papo hapo. Picha ghafi wekeni nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Mimi kanda zangu kadhaa zililiwa na ukungu chini ya kitanda. Na sahihi ya mtu kwenye karatasi ya ruhusa ya kumpiga picha isiwapumbaze: wapo waliotia kwa kumwonea haya mgeni.

Toleo lile la pili, lenye soga na bila udi, hakuna tamasha lililolichukua. Nililionyesha uani kwa bibi yule aliyeulizia uso wake, kwa shuka ya kitanda na projekta ya kuazima. Alikuwa amealika watu kutoka kijiji cha pili, na kila uso wake ulipotokea alikuwa akiwanyamazisha wote.

Babu yenu wa kamera,
Unguja